Sauti ya Pili

Jumamosi ya tatu kuanzia hii, saa kumi jioni,
ukumbi wa Majengo, kiingilio elfu tatu,
watoto bure wakija wameoga.
Tangazo tumelichora kwenye shuka la Mama Aikande;
rangi nyekundu ilichuruzika chini ya neno KWAYA
hata likaonekana limetoka kwenye ugomvi.
Sasa limefungwa kwenye nguzo mbili barabara ya Kiboriloni
na upepo unalisoma kwa sauti, ukirukaruka mistari.

Wiki inayofuata ni zamu ya wageni wa Arusha,
watoto kumi na mmoja wenye fidla, na mwalimu wao
ambaye, nasikia, hulia wakipatia.
Nendeni pia. Lakini anzeni kwetu.

Mimi ni sauti ya pili.
Usiniulize wimbo unakwendaje.
Wimbo wanao wale wa sauti ya kwanza,
wamejitwika kama mkungu wa ndizi, njia nzima inawatazama.
Mimi nimepewa so.
So, so, so, so, fa,
kisha so.
Mume wangu alinisikia jikoni siku nne mfululizo,
akaweka kijiko chini:
"Ndio huo tulioununulia sare?"

Mchana nipo kiwandani, karani wa mizani.
Magunia ya kahawa yanapanda, nasoma, yanashuka:
sitini, sitini, sitini na robo.
Kuna mahali tunanyamaza hatua ishirini na mbili
wakati wanaume wanagombana kwa Kilatini,
na Mwalimu Elifuraha, anayetuongoza kwa ubavu wa mwavuli uliovunjika,
ametuonya: pumziko si usingizi,
anayenyamaza bila kuhesabu ametoroka.
Basi nahesabu. Nahesabu hata kazini.
Juzi gunia zima la daraja la kwanza
nililiandika kilo kumi na saba,
Bwana Temu akaja na karatasi mkononi, akiniangalia
kama mtu anayetafuta kilo arobaini na tatu mfukoni mwangu.

Aliyeutunga ni Mjerumani, amekufa siku nyingi;
picha yake ina nywele za kuazima na shavu la mtu aliyeshiba.
Sidhani aliwahi kusikia jina la Moshi.
Nasi kijiji chake hatukijui. Tumekutana katikati,
kwenye karatasi aliyoinakili Mzee Ndelilio kwa mkono,
d na r na m, nukta na vistari,
na doa la mchuzi ambalo sauti ya nne huliimba kama noti.

Jana alikuja Fundi Barikieli, yule wa cherehani,
kuifungua piano ya ukumbi.
Alitoa penseli, senti tano ya zamani,
kiota cha panya kilichofumwa kwa karatasi za nyimbo
(hawa nao wana kwaya yao, akasema),
kisha akabonyeza kibao kimoja cha katikati:
tok.
Akabonyeza tena. Tok. Mti mtupu.
Waya wake hauuzwi Moshi.
Mwalimu akaimba taratibu kuitafuta noti iliyokufa,
akapanda do, re, mi, fa,
akasimama.
Akageuka kutazama benchi letu.

Hakusema kitu. Tulikuwa sita.
Tukaishika so,
Sifaeli akaipiga piano kwa kutuzunguka,
mkono wa kushoto chini yetu, wa kulia ukituruka,
na kwa mara ya kwanza tangu Januari
niliusikia wimbo wote,
nikiwa ndani yake, chini kidogo ya katikati,
pale gunia linapokaa mzani ukatulia.

Njooni, basi. Umeme ukikatika tutaendelea,
maneno tumeyakariri, hata yale tusiyoyaelewa.
Kaeni upande wa kushoto; kulia kuna nguzo.
Mkinitambua msinipungie mkono.
Nitakuwa nahesabu.