Mgonjwa wa Kituo cha Tano

Kila Novemba wananipigia simu
nije niugue.
Mwaka jana ugonjwa wangu ulikuwa kifua:
kinabana tangu alfajiri, maumivu yanashuka mkono wa kushoto,
navuta sigara kumi kwa siku,
baba alianguka ghafla akafa.
Yote yaliandikwa kwenye karatasi, pande mbili,
na chini kabisa, kwa wino mzito:
USISEME USIPOULIZWA.

Mimi sijavuta sigara hata moja.
Baba yuko Nyamira, anapalilia mahindi,
anailaani bei ya mbolea.
Lakini elfu mbili na mia tano ni unga, ni bili ya maji,
basi namuua baba kila baada ya dakika nane,
toka saa mbili hadi jua la utosi,
katika ukumbi ule wa nyuma ya Barabara ya Ngong,
pazia la kijani, shuka linalonuka jiki.

Kengele. Anaingia mmoja.
Kifuani ana namba, jina hana.
Anajipaka mikononi dawa ya chupa tupu,
anasugua hewa kati ya vidole,
"Habari, mama, mimi ni daktari wa zamu, naomba ruhusa yako..."
wote kwa sauti moja,
kama watoto wa darasa la tatu na jedwali la kuzidisha.
Mtahini kakaa kwenye kiti cha plastiki, hasemi.
Kalamu yake ndiyo husema: tiki, tiki,
kisha kimya.
Kimya hicho nimekizoea kuliko redio yangu.
Akisahau kuniuliza dawa gani hunidhuru
natamani kumkonyeza.
Naogopa kibarua kuota nyasi.

Thelathini na moja nilikuwa namjua.
Alisomea ng'ambo, penye theluji, miaka sita,
akarudi na cheti chenye muhuri mwekundu.
Baraza likasema: kizuri, lakini kaa chini tukupime.
Mara ya kwanza nilikuwa tumbo.
Mara ya pili, kizunguzungu.
Tumejuana kwa maradhi, mimi na yeye,
hata salamu hatujawahi kupeana.

Safari hii alianza vizuri. Tiki. Tiki.
Akanikunja shuka miguuni,
akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo,
akakiondoa.
Shimo likabaki.
Akalitazama. Nami nikalitazama.
"Mama, miguu imevimba tangu lini?"
Nikapekua ile karatasi kichwani, mbele na nyuma.
Jibu halikuwamo.
"Tangu Pasaka," nikasema.
Kalamu ikasita.
"Na usiku, unalalia mito mingapi?"
"Mitatu. Nikilala chali nazama."
Kengele.
Hakuuliza sigara. Hakuuliza ukoo.
Zamu hiyo baba hakufa.

Mlangoni akageuka, jambo lisiloruhusiwa:
"Kesho nenda Mbagathi. Si mchezo, mama."
Kisha thelathini na mbili akaingia,
akasugua hewa,
nikaanza tena kumzika mzee.

Mbagathi nilikwenda. Daktari wa kule
ana leseni ukutani, kioo chake safi,
na hakuinua uso hadi aliposikia neno "mito."
Akanipa vidonge vya kutoa maji.
Kila usiku nabonyeza kifundo, nahesabu:
shimo lilikuwa likikaa hadi kumi na tano,
sasa hadi nne limejaa.

Jana simu ikalia.
Nikauliza, "Yule thelathini na moja, alipita?"
Mama wa ofisini akacheka, "Kwamboka, hizo ni siri za Baraza.
Na namba hubadilika kila mwaka."
Kweli. Sikuwa nimelifikiria hilo.
Nikijamwona nyuma ya pazia, basi ameanguka tena.
Nisipomwona, huenda amepata,
huenda amechoka akauza viatu Gikomba.
Sijui niombe lipi.

"Mwaka huu utakuwa figo," akasema.
Nimeshaletewa karatasi.
Pande mbili. Baba, safari hii, yu hai.