Kuku wa Kukaangwa Mara Mbili

Kemunto alipiga simu kutoka Taipei:
"Mama, usitie unga wa ngano. Tafuta wa muhogo."
Nikaupata Mutindwa, kwa Mama Syombua,
aliyeuliza kama nina wageni au wazimu.

Mapaja mawili, vipande vya kidole gumba,
soya, saumu, mdalasini, usiku kucha.
Kaanga. Epua. Ngoja. Kaanga tena:
kama nguo, haitakati kwa maji ya kwanza.

Kisha mrehani, majani mabichi,
mafuta yakalipuka kama mvua juu ya mabati;
jirani wa juu akatoka mbio
kuanua nguo zake.

Nikacheka peke yangu, mdomo umejaa.
Chumvi, pilipili.
Huko ni saa sita usiku. Nikampigia.
Sikiliza, nikamwambia,
nikang'ata.