Sindano Juu ya Maji

Bakuli lilikuwa la bati, lenye ua jekundu
lililobanduka rangi pembeni.
Shaame alilijaza maji, akaipaka sindano mafuta ya nywele ya mama,
akailaza juu ya maji kwa uma.
Ikaelea.
Kusema kweli, hilo peke yake lingenitosha.

Lakini Shaame alitaka zaidi.
Alisikia redioni, au alibuni, sijui,
kwamba akili ya mtu ni nyumba ya vyumba kumi
nasi twalala ukumbini tu, umri mzima,
funguo tumezikalia.
"Itazame," akasema. "Usipumue. Iambie izunguke."

Tukaitazama, pale Limbani, Wete,
karafuu zimeanikwa uani, harufu yake imetukaa kooni,
mie miaka tisa, yeye kumi na miwili,
tumekodoa mpaka machozi.

Ikazunguka.
Kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini.
Shaame akaruka, bakuli likapinduka,
mama akatoka na mwiko mkononi
akauliza nani kaipoteza sindano yake ya kofia.

Shangazi Mize alisema ni shetani.
Mwalimu Kombo alisema ni sumaku,
sindano yaijua kaskazini hata ikiwa majini.
Baba alisema ni upepo, fungeni mlango.
Shaame hakusema kitu.
Aliondoka nayo siri yake, mpaka Maskati,
akaoa huko, akazeekea huko.

Mie nikabaki na sindano.
Miaka arubaini na mitatu nimeshona kofia,
vitobo vidogo kuliko punje ya ufuta,
wala sikumbuki hata siku moja
kuuambia mkono: nenda.
Ulikwenda.
Nilikuwa nikizungumza, nikicheka,
nikiwaza deni la dukani kwa Faki,
na mkono huko chini wenyewe unachora maua.

Hadi alfajiri moja ya Mfunguo Sita,
kofia za watu wa maulidi zimejaa kikapuni,
nilinyoosha mkono kuchukua kopo la udhu
na upande wangu wote wa kulia
haukuitika.
Nikataka kuita. Ulimi ukawa uji.

Sasa niko Mkoani, hospitali, kitanda cha dirishani.
Massoud, kijana wa Kangani anayenyoosha watu viungo,
aliulaza mkono wangu juu ya mto
kama samaki anayengoja mnada.
"Utazame, bibi. Uambie ufunguke."
Nikacheka kwa nusu ya mdomo niliyobakishiwa.
Kumbe ni yale yale!

Basi nautazama.
Mkono huu nimeupaka hina, umeogesha watoto saba,
umemfumba macho mama yangu,
na leo uko mbali kuliko Maskati.
Nauamrisha. Nausihi.
Nautukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe.
Siku ya nne. Ya tisa.
Siku ya kumi na moja nilikataa kuutazama,
nikageukia ukuta.
Wapi hivyo vyumba kumi, Shaame?
Mie hata ukumbini nimefungiwa nje.

Siku ya ishirini na sita,
mvua ya vuli juu ya mabati, hata adhana haisikiki,
kidole cha shahada
kikasogea.
Kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini.

Massoud hakuona, alikuwa akijaza fomu.
Binti yangu aliona, akasema ni feni, mama,
feni inapeperusha shuka.
Akainuka kuizima.

Nikakisogeza tena.

Usiku nikaomba simu, nikampata Shaame.
Nikamwambia, kwa huu ulimi wangu wa uji,
neno moja, mara mbili, ili alishike:
"Imezunguka. Imezunguka."
Kimya. Nilisikia mtu anaburuta kiti huko kwake.
Kisha akaniuliza, kwa sauti ya miaka kumi na miwili,
"Ulipumua?"