Okbun Aliyeongeza Maneno

Baba alitaka mvulana. Mimi nikaja, binti wa nne,
nikaitwa Malsun: Mwisho.
Yaani mlango ufungwe, wasichana basi.
Miaka mitatu baadaye akazaliwa Gwangho, na jina langu
likasifiwa kama dawa iliyoponya.

Nilimvusha Gwangho kijito, mgongoni, hadi lango la shule,
kisha nikarudi kupalilia vitunguu saumu.
Siku za mvua nilijibanza chini ya dirisha
nikiwasikia wakitamka herufi.
Nikaiba moja tu, ile ya mraba kama kisanduku.
Niliichora kwenye majivu, nikaifuta kwa mguu
mama alipoingia na kuni.

Sasa nina miaka themanini na mitatu. Ukumbi wa kijiji
una sakafu yenye moto chini yake, magoti yanashukuru.
Tu wanane, miwani sita.
Mwalimu Haerim, rika la mjukuu wangu, husema:
kalamu si jembe, bibi, ishike taratibu.
Mkono hausikii. Umezoea kukaza
kila kilichotaka kuponyoka.

Majuzi, kabichi zikiwa zimelala kwenye chumvi,
nilifungua bati la biskuti:
barua kumi na tisa za marehemu, kutoka Jidda
alikokwenda kumwaga zege.
Enzi zile msomaji wangu alikuwa Okbun,
Okbun wa dukani, aliyefika darasa la nne.
Tulikaa juu ya magunia.
"Anauliza kikohozi chako," alisoma.
"Anasema mwezi wa huku ni mwembamba, kama nyusi zako."
Nami nikacheka, nikajifunika uso kwa aproni.

Safari hii nimesoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno.
Ng'ombe asiuzwe.
Pesa apewe kaka.
Mama anywe dawa.
Barua kumi na tisa. Jina langu halimo.
Kikohozi hakimo. Mwezi haumo.

Nilikaa na bati mapajani hadi wali ukaungua.
Sikumlilia mume. Ndivyo alivyokuwa,
alipenda kwa kununua mbolea.
Nilimlilia Okbun,
mwenye watoto watano na mlevi ndani ya nyumba,
aliyeutunga mwezi palepale, juu ya gunia la chumvi,
akanitazama usoni
kama mpishi amtazamavyo anayeonja.

Yuko mlimani sasa, kwenye misonobari.
Jiwe lake linasema: mke wa fulani.

Jana mwalimu alitaka tuandike majina.
Nikaanza na kisanduku changu cha wizi: Mal.
Akainama. Bibi, akasema, likiandikwa hivi
neno hili ni "mwisho", na pia ni "maneno".
Herufi haziulizi baba alikusudia nini.
Nikamwambia arudie. Akarudia.
Nikamwambia apaze sauti, wa nyuma masikio yao mazito.

Leo nimepanda mlima na daftari,
goti la kushoto likinitukana njia nzima.
Okbun, sikiliza, sijui kupamba:

Ng'ombe tulimuuza.
Mwezi wa jana ulikuwa mnene
kama wewe na mimba ya Jongsuk.
Kikohozi kimepona.

Hilo la mwisho nimeliongeza mimi.