Mlango wa Mninga

Kidole changu kilizama mlangoni
kama kwenye ugali uliopoa.
Nilikuwa nagusa tu, kama kusalimia.
Vanishi ilikuwa inang'aa, bawaba zipo, kitasa kipo,
mlango ndio haukuwepo.

Nyumba hii ya Isevya baba aliijenga mwaka wa tumbaku nzuri.
Tofali alifyatua kwa udongo wa kichuguu,
hakuna unaoshika kama ule,
wenyewe wameshautemea mate chembe kwa chembe.
Siku ya kukivunja sisi watoto tulishangilia.
Kisha Novemba, mvua ya kwanza, kumbikumbi kwenye karabai:
beseni la maji, chumvi kidogo, kikaango.
Nasema hili ijulikane nani alianza.

Milango yote mninga, baba aliwaambia wageni,
akigonga kwa kifundo cha kidole, ko, ko.
Mninga wa Sikonge. Mchwa watavunjika meno.

Mchwa hawadanganyiki kwa vanishi.
Mlango wa sebule wameupita. Wa jikoni wameupita.
Njia yao ya udongo, nyembamba kama mshipa
kwenye mkono uliokonda,
imepanda ukuta, ikakata kona,
ikaenda moja kwa moja chumbani kwa wazazi wangu,
kwenye mlango mmoja
ambao ulikuwa paini.

Fundi Mihayo alicheka, akaona uso wangu, akaacha.
Akaongelea oili chafu, dawa ya kumwaga kwenye msingi,
na malkia, ambaye lazima achimbwe,
maana kuua hawa wadogo ni kufagia mvua.

Mama alikuwa anachambua choroko. Hakuinua kichwa.
"Nilijua," alisema, "tangu siku unafungwa.
Mninga wa mlango ule uliuzwa Januari.
Ndio ada yako ya kidato cha kwanza, na godoro,
na lile sanduku la bati."

Sanduku bado lipo, chini ya kitanda. Bati hawaliwezi.

Miaka thelathini na moja
walilala nyuma ya siri ile,
wakiifunga taratibu kila usiku,
isilie.

Nimeuliza bei ya mninga. Kuna kibali, kuna ushuru,
kuna mtu wa kupigiwa simu. Pesa ninayo.
Mama amekataa.
"Weka paini," anasema. "Paka vanishi.
Ila na huku chini, kwenye ukingo unaogusa sakafu.
Baba yako alipasahau."