Tita la Riali Moja

Chini ya kizuizi cha polisi, Birkat al-Mauz,
pale gari isiyovuta kwa magurudumu manne inaporudishwa,
ndipo nilipoweka gogo langu la kuchanjia,
mizani yenye kutu, na kibao: KUNI.
Juu huko mlimani, usiku maji huganda ndooni.
Hapa chini mie nachanja kwa fulana.

Siuzi uongo: hizi si kuni za samri.
Ni msonobari, mti laini, mti wa ugenini,
ulifika Sohar umebeba vigae na mafriji,
ukatuliwa mzigo, ukatupwa jaani.
Mie na Monir tunaung'oa misumari
mmoja mmoja, kama mtu anayemtoa mtoto miba.
Kwanza nasoma muhuri. Uliopigwa joto nauchukua.
Uliofukizwa sumu nauacha palepale,
hata ukiwa mnene, hata ukiwa wa bure.
Moshi wake utaingia mkateni mwa mtu.

Msonobari haukatai shoka.
Unaguswa, unafunguka, ta!
na harufu ya utomvu inaruka puani
kabla sauti haijafika ukutani.
Ila fundo. Fundo lataka kabari,
lataka na tusi dogo la Kipemba
ambalo Monir alilijua kabla ya salamu.

Wanunuzi hushusha kioo nusu.
"Samri huna?" Sina.
"Hizi zinaisha upesi." Naam, zinaisha.
Zinawaka kama karatasi, zinakwenda kama mshahara.
"Basi punguza."
Tita riali moja; nikipunguza nitabaki nauza kamba.
Wengine hucheka, wakachukua matatu.
Wengine hupandisha kioo, wakaniachia vumbi.

Bi Ghaniya hakuwahi kuvutana bei.
Kila Alkhamisi alishuka kutoka Saiq,
kiti cha mbele cha pikapu ya mpwawe,
shali mbili, soksi za kiume.
Mpwawe hajui neno; alikaa akibofya simu.
Sisi tukasema chetu.
"Nichanjie nyembamba, Mahfudhi, ukubwa wa kidole.
Samri ya marehemu imejaa ghalani, lakini ngumu kama mwenyewe,
haiwaki mpaka ibembelezwe."
Halafu akanyamaza, akitafuta neno,
kidole hewani, kama anayelichuma mahali pa juu:
"Hivi... hivi vidogo vya kuwashia,
kwetu Wete tukiviitaje?"
Vibanzi, bibi.
"Vibanzi!" Akalizungusha mdomoni kama tende.

Wiki ya pili akaliuliza tena.
Na ya tatu.
Sikumwambia kuwa ameshauliza. Nilimchanjia upya.

Mwaka huu baridi imewahi.
Alkhamisi ya kwanza pikapu ikaja, kiti cha mbele kitupu.
Kijana hakushusha kioo; alishuka mwenyewe,
mkononi mfuko wa saruji, uzito wa paka.
Ndani, kamba zangu. Zote.
Misimu minne ya kamba, hakuna iliyokatwa kisu,
kila moja imefunguliwa fundo kwa vidole,
imekunjwa, imefungwa kiunoni.
Akasema kwa Kiarabu: aliniusia, vya watu virudi kwa watu.
Kisha, kwa shida,
kama anayevuka wadi akipima jiwe kwa jiwe,
neno moja asilojua pa kuliweka:
"Vibanzi?"

Nimemfungia tita. Nyembamba, ukubwa wa kidole.
Kamba inanuka moshi wa jikoni kwake.
Riali nimeikataa; ameiweka chini ya jiwe la mizani,
akapanda gari, akapita kizuizi.

Monir anauliza mbona nimesimama na shoka juu.
Pana fundo hapa, namwambia.
Lete kabari.