Malazi ya Siku Tisa

Baba anakuja na ndege ya mizigo kutoka Shabunda,
atakaa kati ya magunia ya madini
akilileta jicho lake la kushoto kwa daktari wa Bukavu.
Ana mtoto wa jicho. Huyo
amemlea miaka sita bila kutuambia.
Daktari kasema: siku tisa, mahali pasafi, pasipo moshi.
Nikachukua daftari la vipimo vya wateja,
nikaligeuza nyuma mbele,
nikaenda kupima vyumba.

Muhumba. Dola arobaini na tano kwa usiku.
Mlinzi aliniuliza namtafuta nani kabla ya kuitikia salamu.
Maji ya moto yapo. Jenereta ipo.
Sabuni imefungwa karatasi kama zawadi ya ubatizo.
Dirisha lote ni ziwa
na bei yote ni dirisha.
Nikasimama pale nikafumba jicho moja,
kisha la pili,
nikaona tutakachokuwa tunalipia.
Ngazi kutoka barabarani: kumi na moja.

Kwa masista, njia ya Nguba. Dola kumi na tano, pamoja na chai.
Shuka zimenyooshwa hadi zinamkaripia mlalaji.
Lango hufungwa saa mbili.
Sista Venansia alinionyesha chumba kwa kunong'ona,
mchana kweupe,
wala hakuna aliyelala.
Nikaandika: pasafi. Nikaandika: kimya.
Halafu kwa herufi ndogo: kimya mno.
Ngazi thelathini, zina chuma cha kushikilia.

Essence, kwa Mama Nabintu, juu ya duka la betri.
Dola nane; ukicheka naye, saba.
Kitanda kina bonde katikati,
kalenda ukutani ni ya mwaka juzi,
jiko la makala linafuka ukumbini.
Alinipa kigoda kabla ya kuniuliza shida yangu,
akasema, "Huyo mzee anakula sombe yenye pilipili au isiyo nayo?"
Pikipiki chini zinakesha.
Ngazi sikuzihesabu.

Jumapili baba akapiga,
kutoka kwenye kichuguu nyuma ya shule, mtandao unakopatikana.
Nikamsomea daftari zima.
Akanyamaza. Kisha:
"Mtu akikohoa usiku huko, nani anasikia?"

Nikamwondolea aibu haraka haraka:
Muhumba kuta ni nene, baba, hasikii mtu.
Masista wakisikia watasamehe.
Essence pikipiki zitakufunika.

"Aa," akasema. "Basi kote ni kuzuri."
Simu ikakatika, au aliikata.

Nikarudi kwenye cherehani. Sare ya tatu
mkono ukaenda kombo, nikaufumua,
na katika kufumua ndipo swali likanifikia
kama lilivyotoka kinywani mwake.
Maana kwetu, miaka yote ile,
alikuwa akikohoa gizani
na mama, bila kuamka sawasawa, akimwambia:
Maji yapo hapo chini.
Tangu tumzike, sijui
nani anamwambia.

Nikafungua ukurasa mwingine.

Kadutu. Kwangu.
Bei sikuandika.
Bomba: Alhamisi, likikumbuka.
Moshi: nimemwomba Furaha wa nyumba ya pili
nipikie uani kwake siku zote tisa,
amekubali, anataka blauzi.
Ngazi mia moja arobaini na mbili,
mvua ikinyesha hazina idadi;
Asifiwe atamshika babu yake mkono,
ana miaka saba lakini miguu yake inaijua mitelezo yote.
Ukuta kati ya kitanda chake na changu:
pazia, mita mbili na robo,
kitambaa kilichobaki kwenye sare za kwaya.

Kikombe nimeshakiweka chini, upande wa kushoto.
Hapana.
Kulia. La kushoto litakuwa na bandeji.